USIMPE MGONJWA MAJINA MAWILI MABAYA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, leo nina neno kuhusu maradhi ya akili. Nalielekeza kwanza kwenu mnaoishi Baray, Mang'ola na bonde zima la Ziwa Eyasi kule Karatu, ingawa linamhusu kila mmoja wetu popote alipo.

Bonde lile ni pahala pa ajabu. Yupo Mhadzabe, ambaye lugha yake haina ndugu. Yupo Mdatoga mfugaji, yupo Mwiraqw, yupo Mnyisanzu, na wapo waliofuata mashamba ya vitunguu kutoka kila kona ya nchi. Asili nne za lugha katika bonde moja! Na wengine ni wachache sana: Wahadzabe wote wanakadiriwa kuwa 1,000 na kidogo tu.

Sasa jiulize. Mtu wa kwenu akiugua akili, unasema fulani anaumwa. Mdatoga akikosa usingizi wiki nzima, akazira chakula na kumfokea kila mtu, unasema: "Si unawajua Mang'ati." Mhadzabe akijitenga na kuongea peke yake, unasema: "Ndivyo walivyo hao." Lakini Wahadzabe ni watu wa kugawana kila wanachopata porini. Kwao, mtu kujitenga na wenzake ni dalili nzito kuliko kwako wewe mwenye geti na kufuli.

Hapo ndipo penye dhulma. Kabila limeuficha ugonjwa. Na mtu asiyehesabiwa kuwa mgonjwa, nani atampeleka hospitali?

Hilo jina "Mang'ati" lenyewe limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni adui. Wenyewe wanajiita Wadatoga. Basi akiugua, anabeba majina mawili: adui na chizi. Rejea Sura Al-Hujurat, aya ya 11. Allah anakataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Na katika aya hiyo hiyo anakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Aya moja imefunga milango yote miwili, wa kabila na wa ugonjwa. Wewe unaipitia wapi?

Tutazame alivyofanya Mtume wetu (s.a.w.). Anas (r.a.) amesimulia, na ipo katika Sahih Muslim, kwamba alikuwepo Madina mwanamke mwenye kitu katika akili yake. Akamwendea Mtume na kumwambia ana haja naye. Mtume akamwita kwa heshima, mama wa fulani, kama wanavyoitwa wanawake wenye hadhi. Akamwambia achague njia yoyote aitakayo, atamtimizia haja yake. Kisha akasimama naye njiani mpaka alipomaliza.

Ndugu yangu, yamo mambo matatu hapo: jina, hiari na muda. Alimwita jina zuri, akamwachia achague, akamsikiliza mpaka mwisho. Kiongozi wa Umma mzima alipata muda wa mgonjwa wa akili, nasi tunampita mwenzetu mnadani huku watoto wetu wakimrushia mawe!

Kusikiliza huku kuna uzito zaidi kwa watu wa makabila madogo. Malaria hupimwa kwa tone la damu, na damu haina lugha. Huzuni na woga havionekani kwenye kipimo cha damu. Daktari anavijua kwa maneno. Mama wa Kidatoga anayeumwa kwa Kidatoga akiulizwa kwa Kiswahili kigumu, atajibu "kichwa kinauma", atapewa panadol na kurudi nyumbani na ugonjwa wake. Kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa, mpeleke na mtu wake anayeijua lugha yake na anayeaminika kutunza siri. Hiyo ni sadaka isiyohitaji hata shilingi.

Na usiseme huzuni zao ni uvivu au pombe tu. Wadatoga wengi walipoteza malisho na makaburi ya wazee wao kule Hanang, mashamba makubwa ya ngano yalipochukua ardhi yao kuanzia miaka ya 1970. Nabii Yaqub (a.s.) alimpoteza mwana mmoja, na Qur'an inatueleza kuwa macho yake yaliingia weupe kwa majonzi. Yeye ni Nabii! Nani alithubutu kusema imani yake ni ndogo?

Najua wapo watakaoniambia: "Sheikh, haya ni majini." Sikatai kuwepo kwa majini, na ruqya ni Sunna. Soma, omba, mpulizie mgonjwa. Lakini Mtume huyo huyo ametuamrisha tutafute tiba, akatufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa. Ruqya haimzuii mtu kumeza vidonge. Anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali, au anayemfunga kamba na kumchapa akidai anamtoa jini, anamdhulumu mja wa Allah, na atakwenda kuulizwa.

Hospitali zipo. Haydom, wilaya ya Mbulu, imekuwepo tangu 1955, inahudumia makabila hayo yote, na inatibu kifafa na magonjwa ya akili. Mirembe ya Dodoma, iliyoanza 1927, ni hospitali kama hospitali nyingine. Tumeifanya tusi: "Wewe wa Mirembe nini?" Kila ukitamka mzaha huo, kuna mzazi karibu yako anaamua kumficha mwanawe ndani, akihofu dada zake hawataolewa.

Basi tufanye haya kuanzia wiki hii:

Kwanza, muite mgonjwa kwa jina lake, na kabila lake kwa jina wanalojiita wenyewe.

Pili, kata mzaha wa uchizi barazani, dukani na kwenye magrupu ya simu.

Tatu, maimamu, lisemeni hili katika khutba ya Ijumaa. Mgonjwa wa akili akija msikitini asifukuzwe.

Nne, ukiona jirani wa kabila lolote amebadilika, hali wala halali, mwendee. Kaa naye, kisha msindikize kituo cha afya mkiwa na mtu wa lugha yake.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu wa miili na wa akili, wape subira wanaowauguza, na utakase ndimi zetu. Aamiin.

Mtumie na mwenzako. Huenda nyumbani kwake kuna mgonjwa aliyefichwa.

Wabillahi tawfiq.