Ritifaa ya Ring'wani

Ring'wani, kata iliyomo Wilaya ya Serengeti, huandikwa kwa herufi nane na ritifaa moja. Kwenye kompyuta ritifaa hiyo ina sura kadhaa: iliyonyooka ya kibodi, U+0027; iliyopinda, U+2019, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe; na U+02BC, ambayo Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi msimbo wake, huihesabu kuwa herufi. Karani wa wilaya akitazama huona jina lilelile. Programu huona majina matatu, yenye baiti 9, 11 na 10 katika UTF-8, na anayetafuta kwa moja huwakosa wakazi walioandikishwa kwa mengine.

Kosa huanzia kwenye imani kwamba Kiswahili, kwa kuwa kinatumia A hadi Z, hakina haja ya Yunikodi. Wapo wanaofuta alama zote za uandishi kabla ya kulinganisha maneno. Kwa njia hiyo ng'oa hugeuka ngoa, na kung'oa mti si kukata ngoa.

Gharama huonekana hata kwenye ujumbe mfupi wa simu. Alfabeti ya kawaida ya SMS inayo ritifaa iliyonyooka, haina iliyopinda. Ikiingia moja tu iliyopinda, nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Tangazo la herufi 150 lililokuwa ujumbe mmoja hukatwa vipande vitatu, na kila kipande hulipiwa.

Tatizo haliishii kwenye ritifaa. Kikuria cha Tarime kina irabu saba. Wanaisimu huandika mbili kati yake ɛ na ɔ, na alama ya toni juu yake. Herufi é ina msimbo wake mmoja, lakini ɔ́ haina: ni U+0254 ikifuatwa na U+0301. Programu inayokata neno kwa kuhesabu misimbo inaweza kuitenga toni na irabu yake.

Usanifishaji wa Yunikodi uitwao NFC huunganisha é iliyoandikwa kwa njia mbili, ila ritifaa haizigusi. Hizo lazima mwandishi wa programu azigeuze mwenyewe, mara tu jina linapoingia, ziwe sura moja. Inayostahili kuhifadhiwa ni U+02BC, kwa sababu haikatizi neno: kigawa maneno kinachofuata herufi tu kikikutana na U+2019 hutoa Ring na wani. Anayetafuta aruhusiwe kuandika yoyote, na ujumbe ukienda kwenye simu irudishwe U+0027.