Neno Moja Likipotea

Siku hizi wengi wetu tunaongea na ndugu zetu walio mbali kwa simu ya video. Tunawaona, nao wanatuona. Hili ni jambo zuri. Lakini mara nyingi sauti hukatika, na uso wa mtu huwa mweusi kama kivuli.

Je, hasara yake ni nini? Tuchukue mfano. Baba yuko kijijini mkoani Singida. Kijana wake yuko Dar es Salaam. Baba anauliza, "Huyu ng'ombe nimwuze?" Kijana anajibu, "Usimwuze, baba." Upepo unavuma na sauti inakatika. Baba anasikia, "Mwuze, baba." Kesho yake ng'ombe anapelekwa mnadani. Kilichopotea ni "usi" tu, lakini ng'ombe amekwenda.

Si lazima ununue simu mpya. Mambo mengi unaweza kuyarekebisha bila kutoa hata shilingi moja. Hebu tuyatazame.

SAUTI

Tazama upande wa chini wa simu yako. Utaona tundu dogo. Sauti yako huingilia hapo. Watu wengi huliziba kwa kidole au kwa kava bila kujua. Liache wazi. Lakini usilichokoe kwa sindano, utaharibu simu.

Kaa karibu na simu. Ukiongea kutoka mbali, sauti yako hufika ikiwa dhaifu, na kelele za jogoo, redio na watoto huifunika. Zima redio. Kama kuna upepo, kaa mahali ambapo ukuta unaukinga. Mvua ikinyesha juu ya bati, ni afadhali kusubiri.

Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji hurudisha sauti kama pangoni. Chumba chenye godoro, mkeka na nguo hupunguza mwangwi huo.

Kama una spika za masikioni, zitumie. Utasikia vizuri, na mwenzako hatasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia.

PICHA

Kwanza, futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini na kikavu. Mafuta ya vidole huleta ukungu.

Pili, mwanga uwe mbele yako, usiwe nyuma yako. Ukiupa mlango mgongo mchana, kamera hufuata mwanga mkali wa nje, na uso wako huwa mweusi. Geuka. Utazame mlango, na simu iwe kati yako na mlango. Usiku fanya hivyo hivyo kwa taa.

Tatu, usiishike simu mkononi muda wote, maana mkono huchoka na kutikisika. Iegemeze kwenye kikombe au tofali, juu ya meza au kinu kilichopinduliwa. Iwe sawa na macho yako.

Ukitaka kuonyesha jani lenye ugonjwa au maandishi ya paketi ya dawa, geuza kamera utumie ile ya nyuma. Katika simu nyingi hiyo ndiyo inayoona vizuri zaidi.

MTANDAO

Bati na kuta nene huzuia mawimbi ya simu. Kama mtandao ni dhaifu ndani, sogea dirishani au toka nje. Mahali palipoinuka mara nyingi mtandao ni bora. Usiiache simu juani, maana ikipata joto sana hufanya kazi polepole.

Jioni watu wengi hutumia mtandao kwa wakati mmoja, hivyo mwendo hupungua. Jaribu asubuhi na mapema. Na kama mwingine nyumbani anatazama filamu kwa bando hilo hilo, mwombe apumzike kidogo.

Mtandao ukiwa mbaya sana, zimeni picha, mbaki na sauti. Picha hula bando nyingi kuliko sauti. Ni afadhali kusikilizana bila kuonana kuliko kuonana bila kusikilizana.

NAMNA YA KUONGEA

Kwa simu ya video sauti huchelewa kidogo kufika. Mkiongea wote pamoja, hakuna atakayesikia. Maliza neno lako, nyamaza kidogo, umwache mwenzako ajibu.

Jambo likiwa kubwa, kama fedha, dawa, shamba au mifugo, lirudie. Anayesikia naye alirudie. Tena tumia maneno yasiyoweza kugeuka. Badala ya kusema "Usimwuze," sema, "Ng'ombe abaki nyumbani." Hapo hata neno moja likipotea, maana itabaki. Mkishaagana, mwandikiane ujumbe mfupi. Wewe sasa unajua kusoma. Maandishi hayapeperushwi na upepo.

JARIBU NYUMBANI

1. Mpigie jirani simu ya video ukiwa umeupa mlango mgongo. Kisha geuka, uutazame mlango. Mwulize, ni lini ameuona uso wako vizuri?

2. Ziba lile tundu la chini kwa kidole, uongee. Kisha liachie. Amesikia tofauti gani?

3. Mtafute mzee anayeongea na watoto wake kwa simu na kupata taabu. Mwonyeshe uliyojifunza.