Ngoma za mavuno hazijawahi kuleta njaa Kishapu

Kila mwaka mvua zikishakata na mtama ukishaingia ghalani, maneno huwa yale yale. Mkutano wa kijiji unaitishwa, mtendaji anasimama, na akishamaliza habari za michango ya madarasa na chanjo ya mifugo anafika kwenye ngoma. Acheni ngoma, mnamaliza chakula, Desemba mtakuja ofisini kulia njaa. Wazee wanaguna, vijana wanainamisha vichwa, mkutano unafungwa. Wala si watendaji peke yao. Utayasikia kwa walimu, kwa wahubiri, na kwa watoto wetu waliosoma mjini, ambao wakirudi likizo wanaona haya ngoma ikilia jirani. Imani yao ni moja: Msukuma wa Kishapu ni maskini kwa sababu anacheza. Naikataa imani hiyo, maana si kweli, na inawaumiza watu wasio na kosa.

Tuangalie kalenda kwanza. Mvua za huku huanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, mwaka ambao zimekubali. Kuanzia Juni hadi Agosti, miezi ya ngoma, udongo mweusi wa mbuga umekauka na kupasuka nyufa za kuweza kuingiza mguu. Hakuna jembe linalopita pale. Zimebaki kazi za kiangazi: kumalizia pamba, kung'oa mabua na kuyachoma, kuezeka nyumba, kuchota maji mbali. Kazi hizo zinafanyika, na ngoma inachezwa zikiisha. Anayesema ngoma inamtoa mkulima shambani mwezi wa saba atuonyeshe hilo shamba, na atuambie lingelimwa nini.

Tena asili ya ngoma zetu nyingi ni kazi yenyewe. Bugobogobo ilizaliwa shambani. Vijana walijipanga mstari, ngoma ikawekwa pembeni, na majembe yakashuka kwa pigo moja, ekari ya mtu ikaisha asubuhi moja. Leo ukiitazama uwanjani, jembe linarushwa juu, linageuka hewani, linadakwa kwa mpini na mchezaji hakosi hatua. Mkono usiolishika jembe kila siku haufanyi hivyo. Nyuma ya vijana wale palikuwa na mpango: kijiji kilikuwa na nsumba ntale, kiongozi wa vijana, na mwenye shamba aliyezidiwa na magugu alimwendea yeye. Malipo yalikuwa nyama, chakula au pombe ya mtama. Pombe hiyo hiyo inayolaumiwa leo ndiyo iliyolipa palizi.

Banunguli nao ni wawindaji wa nungunungu, mnyama anayemaliza karanga na mihogo usiku mmoja. Walijifunza kumfuata hadi ndani ya shimo lake, na ngoma yao inaonyesha uwindaji huo. Bagoyangi, wanaocheza na chatu mabegani, walikuwa waganga wa waliogongwa na nyoka, katika nchi ambako mvunaji anaingiza mkono kwenye mabua bila kujua kuna nini chini. Hivi ni vyama vya ulinzi wa mazao na wa roho za watu. Mwaka 2010 mtafiti Mmarekani Frank Gunderson alichapisha kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, mamia ya nyimbo, za wawindaji, za wapagazi wa safari za pwani, za wakulima wa pamba na vyama vyao vya ushirika. Ukikisoma kile kitabu, mvivu humkuti.

Na mashindano ya Bagika na Bagalu, ambayo ndiyo hasa yanayokera ofisi? Makundi hayo yamerithi upinzani wa Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya kumi na tisa walioshindana nani ana dawa kali zaidi. Uwanja ni mmoja, pande ni mbili, na manju wote wanaanza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji wala karatasi za alama. Watazamaji wanakimbilia upande unaowavuta, wakichoka wanahamia upande wa pili, na jua likishuka aliyebaki na watu ndiye mshindi. Kwa hiyo manju anatunga wimbo mpya kila msimu, juu ya diwani, bei ya pamba, mume mlevi, mgodi. Kijiji kinamsikiliza kuliko kinavyousikiliza mkutano wowote, na mimi naamini hilo ndilo linalowauma baadhi ya wakubwa wanaotaka ngoma zifungwe.

Sasa njaa. Njaa ipo Kishapu, nimeiona kwa macho, na nisingependa mtu anidhanie naifanyia mzaha. Lakini njaa ina sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni mvua, inayoweza kukata mtama ukiwa umefika magotini. Ya pili ni bei. Mwaka 2019 serikali ilitangaza bei elekezi ya shilingi 1,200 kwa kilo ya pamba, bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakakwama, na wakulima wa ukanda huu wakakaa na pamba ndani au wakaitoa kwa mkopo wakisubiri malipo kwa miezi. Mtu aliyekopwa pamba yake huuza mtama kulipa ada ya mtoto, na Desemba ghala liko tupu. Halafu kuna mambo kama ya Novemba 2022, bwawa la majitope la mgodi wa almasi wa Mwadui lilipopasuka na tope likafunika nyumba na mashamba ya watu wa wilaya hii hii. Nitajieni manju aliyesababisha hata moja kati ya hayo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kanuni ya kutocheza inamhusu mkulima peke yake. Nenda Maganzo jioni, kwenye mji wa almasi, uhesabu baa na vibanda vya kubeti. Kijana wa machimbo ya Geita au Kahama anamaliza mgawo wa wiki kwa usiku mmoja, na sijasikia kampeni ya wilaya inayosema kubeti kunaleta njaa. Agosti maofisa wenyewe wanafunga ofisi kwenda Nane Nane, na miaka ya 2018 hadi 2020 ile ya kitaifa ilikuwa hapa jirani, Nyakabindi, Simiyu, yenye mahema, muziki na posho. Sina ugomvi na Nane Nane. Wajerumani wa Munich wana Oktoberfest tangu 1810, na tangu mwaka uliofuata waliiunganisha na maonyesho ya kilimo. Kwa zaidi ya wiki mbili wanakunywa mamilioni ya lita za bia, na hakuna anayesema Ujerumani ni maskini kwa sababu hiyo. Wakulima wa dunia nzima hukusanyika na kufurahi, wengine majira ya maua, wengine baada ya mavuno. Wa Kishapu peke yake ndiye anayeambiwa furaha yake ni ugonjwa.

Na ajabu ni kwamba ngoma ile ile ikiwa na mgeni rasmi inakuwa urithi wa taifa. Pale Ukenyenge, ikulu ya watemi wa Busiya, kuna Tamasha la Sanjo ya Busiya, na viongozi wanahudhuria wakiwa wamevaa mashuka na kushika usinga. Bujora, Mwanza, kuna sikukuu ya Bulabo, iliyoingia kanisani tangu enzi za Padri David Clement miaka ya 1950. Septemba 2021 huko Kisesa, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan na kumpa jina la Hangaya, huku ngoma zikirindima. Nayafurahia yote hayo kwa moyo. Lakini tamasha la siku mbili haliwezi kuwa na wachezaji kama vijiji havina ngoma. Wale wanaoitwa jukwaani walijifunzia vumbini Uchunga, Mwamalasa, Somagedi, kwenye ngoma ambazo mtendaji alizinyima kibali.

Liko jambo moja ambalo wapinzani wa ngoma wako sahihi, na sitalificha. Chagulaga, ile desturi ya vijana kumzunguka binti gizani na kumlazimisha achague mmoja wao, haina utetezi. Takwimu za kitaifa za mwaka 2010 ziliuweka mkoa wetu wa Shinyanga mbele ya mikoa yote kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Mtoto wa shule hana la kufanya ngomani usiku, na anayemfuata huko apelekwe polisi. Hilo ni kosa la mtu, na lina sheria yake. Bagika hawahitaji giza kucheza; wamecheza mchana tangu zamani.

Basi ombi langu kwa madiwani wa Kishapu ni hili. Msimu huu msipitishe katazo la ngoma. Toeni kibali bila tozo, wekeni saa ya kufunga iwe machweo, tengeni uwanja kila kata, na mgambo wawe pale kuwalinda mabinti. Mkitaka kuzungumzia njaa, iteni kikao cha pamba kabla ya ununuzi kufunguliwa, mnunuzi awepo, na swali la kwanza liwe lini mkulima atalipwa.