Kumjua mchezaji kumekuwa kosa

Muungano au Bukavu Dawa ikileta mchezaji mpya, swali la kwanza la mashabiki huko Kadutu ni moja: ametoka wapi? Akitoka Kinshasa ao Lubumbashi, anasifiwa hata mpira hajagusa. Akitoka Bagira, wanacheka: "Huyu tunamjua!"

Tangu vita iingie Bukavu mwezi wa pili 2025, vijana wengi wamekimbia, wengine wamevuka Rusizi mpaka Burundi. Anayerudi na viatu vyake begani anaitwa mkimbizi, si mchezaji. Ni aibu.

Viongozi wa timu wafungue majaribio kwa wote, palepale uwanja wa Concorde, bila kuulizana kartiye wala kabila. Shabiki naye alipe tikiti, atazame mechi tatu, kisha apige kelele.