Kumpeleka Mtoto Mdogo Thelujini

Anga likiwa safi asubuhi, mkazi wa Thika huweza kuona milima miwili. Upande wa mashariki kiko Kilimambogo, karibu. Na mbali kaskazini uko Mlima Kenya na theluji yake. Wazazi wengi wa Thika na Ruiru wamekua wakiutazama huu wa pili, na siku hizi baadhi yao huupanda wakati wa likizo. Hilo ni jambo jema. Walakini wako watakao kwenda huko na watoto wa miaka minne au mitano, wawabebe mgongoni mpaka kilele cha Lenana, warudi na picha. Neno hilo nalipinga, wala silipingi nusu nusu.

Lenana hudanganya watu. Urefu wake ni mita 4,985, nao wakipita Mont Blanc, mlima mkubwa wa Alpi. Lakini mtu mwenye miguu mizima hufika bila kamba wala shoka la barafu, hata akadhani ya kuwa palipo na njia nyepesi hapana hatari. Tena barabara imezidisha udanganyifu huo. Tangu barabara ya Thika ilipopanuliwa mwaka 2012, mtu huondoka Ruiru alfajiri, akashika njia ya Nanyuki na lango la Sirimon, na jioni akalala Old Moses, penye mita 3,300. Ruiru ni kama mita 1,500. Usiku wa pili hulala kambi ya Shipton, mita 4,200. Waganga wajuao maradhi ya milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, asipandishe malazi yake zaidi ya mita 500 kwa siku. Msomaji na apige hesabu mwenyewe.

Mtu mzima akipatwa na ugonjwa wa kimo, husema: kichwa chaniuma, nataka kutapika, naona kizunguzungu. Mtoto wa miaka minne hana maneno hayo. Yeye hulia, hukataa chakula, hulala vibaya. Dalili hizo ndizo za njaa, ndizo za uchovu, ndizo za kukikumbuka kitanda chake. Nani atazipambanua? Ni baba aliyekwisha kulipa ada ya lango na ujira wa wapagazi, na aliyewaahidi rafiki zake picha ya kileleni. Hakimu huyo ana sababu nyingi za kuamua ya kuwa mtoto anadeka tu. Naye akikosea, maji yaweza kujaa mapafuni mwa mtoto au ubongo ukavimba, na dawa ya kwanza ni moja, kuteremka mara moja, hata kama ni usiku wa manane na kuna mvua.

Na baridi je? Abebaye hutembea, hutoka jasho, hufungua vifungo vya koti. Abebwaye ameketi kimya katika upepo uleule, wala viungo vyake havifanyi kazi ya kumtia joto; na mwili mdogo hupoa upesi kuliko mkubwa. Likizo ya Aprili, ambayo wazazi huiona kuwa nafasi njema, huangukia masika, na mvua inyeshayo Ruiru huwa theluji kule juu.

Watu wengine hujibu ya kuwa watu wa Norwe huwachukua watoto wao thelujini katika majira ya kuchipua, wakateleza juu ya mbao ndefu, na watoto hukua wenye siha. Ni kweli. Lakini baba wa Norwe hawezi kumpandisha mtoto mita 4,985 katika nchi yake hata akitaka, maana mlima mrefu kupita yote huko, Galdhøpiggen, una mita 2,469 tu. Wengine humtaja Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera yetu juu ya Mlima Kenya siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Munyao alikuwa mtu mzima, mpanda milima ajuaye kazi yake, naye alikwenda kwa hiari. Ushujaa wa kubebwa haujapata kuwa ushujaa.

Kule Kilimanjaro wenye hifadhi wameweka umri wa miaka 10 kwa wapandao hadi kileleni, ijapokuwa wamewahi kutoa ruhusa za pekee kwa walio chini yake. Mimi ningeifuata kanuni hiyo Mlima Kenya, na ruhusa za pekee ningezifuta.

Wala sisemi mtoto afungiwe nyumbani mbele ya televisheni. Kilimambogo kipo. Kilele chake ni mita 2,145, na njia ya kutoka langoni ni kilomita 9 hivi. Mbogo waliokipa jina wangali humo, kwa hiyo waendao kwa miguu husindikizwa na askari. Na mtoto gani asiyependa kutembea na askari? Njiani liko kaburi la McMillan, yule tajiri aliyefariki mwaka 1925. Mtoto aende kwa miguu yake, aulize maswali yake, aketi apendapo. Akichokea penye kaburi, msafara ugeuke hapo hapo, na kabla ya jua kutua atakuwa Thika akila chakula chake.