Kabla ya Kuchimba Kisima, Tuyasome Matabaka ya Ardhi

Katika vitongoji vyetu vya Bunju, Boko na Mabwepande, kisima cha msikiti ni miongoni mwa sadaka zinazopendwa mno. Mfadhili hutoa fedha, fundi huitwa, na mara nyingi mahali pa kuchimba huchaguliwa kwa kutazama tu upande wa kiwanja ulio wazi. Rai yetu ni kwamba utaratibu huu haufai. Maji yana njia zake ndani ya mawe, na asiyezijua anaweza kutoa sadaka ya maji ya chumvi au, mbaya zaidi, sadaka ya maradhi.

Wataalamu wameyagawa mawe katika mafungu matatu. La kwanza ni miamba moto, iliyotokana na uji wa mawe uliopoa, kama matale ya Mwanza yenye umri unaozidi miaka bilioni 2. La pili ni miamba tabaka, iliyojengeka kwa mchanga, udongo na mabaki ya viumbe yaliyotuama, hili juu ya lile. La tatu ni miamba geu, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, kama marumaru, ambayo asili yake ni mawe ya chokaa.

Sisi wa pwani tunaishi juu ya fungu la pili. Kilima cha Wazo, ambacho tangu mwaka 1966 mawe yake hutengenezwa saruji, ni chokaa iliyojengwa na matumbawe, yaani viumbe wa baharini. Basi kilima hicho kiliwahi kuwa chini ya bahari. Kanuni ya kusoma mawe hayo ni nyepesi: ikiwa ardhi haikupinduliwa, tabaka la chini ndilo lililotangulia. Kule Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, matabaka yenye mifupa hiyo yamepishana na matabaka yenye makombe ya baharini. Huo ni ushahidi kwamba bahari iliingia na kutoka zaidi ya mara moja, yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Wala asidhani mtu kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Katika karne ya 11, al-Biruni alibainisha kwamba huko India mawe ya mtoni ni makubwa karibu na milima, na huzidi kuwa madogo hadi kuwa mchanga pale maji yanapokwenda polepole. Akahitimisha kwamba tambarare ile ilikuwa bahari iliyojazwa na mashapo.

Sasa turejee kisimani. Mchanga hupitisha maji na kuyachuja kwa kiasi. Udongo wa mfinyanzi huyazuia. Mawe ya matumbawe yana mianya, na maji hupita humo upesi bila kuchujwa. Choo kikiwa jirani na kisima katika mawe ya namna hiyo, uchafu hauchelewi kufika. Tusisahau kwamba mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia katika jiji letu hili. Tena, karibu na bahari, maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima huharibika.

Kwa hiyo tunazishauri kamati za misikiti mambo matatu. Kwanza, zisichimbe kisima kirefu kabla ya kupimiwa ardhi na kupata kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009. Pili, zikiweke kisima upande wa juu wa mteremko na mbali na vyoo, vya msikiti na vya majirani. Tatu, fundi anapochimba, kila tabaka liandikwe katika daftari: rangi yake, aina yake na kina chake. Daftari hilo litamfaa jirani atakayechimba kesho, na vijana wa madrasa watajifunza humo historia ya ardhi wanayoikanyaga.

Watakuwapo watakaosema kwamba gharama zitaongezeka. Ni kweli, lakini kisima kilichoachwa kwa chumvi kimekula fedha zote za mfadhili, na waumini wamebaki na ndoo tupu. Sadaka njema hustahiki kutanguliwa na elimu.

Wabillahi tawfiq.