Hiyo "Cut" Yenu Ndogo

Leo niko na ugomvi na neno moja la Kizungu: "cut".

Mimi hili neno naishi nalo. Nikirekodi klipu hapa Kisii tao na nisahau maneno, napiga kelele "Cut!" tunaanza upya. Kinyozi ananiuliza nataka cut gani. Broka akikutafutia mteja wa simu, lazima ale cut yake. Matokeo ya KCSE yakitoka, kila mtu anaulizia cut-off ya kozi. Neno moja, kazi kibao, na hakuna anayeumia.

Sasa ngoja shule zifungwe Disemba. Huku Kisii na kule Nyamira utaskia neno hilohilo, lakini kwa sauti ya chini: "Ni ka-cut kadogo tu. Nesi atakuja nyumbani. Kila kitu ni kisafi." Hapo hakuna mtu anaongelea nywele. Wanaongelea msichana mdogo, pengine hajamaliza hata shule ya msingi.

Ukisema "ukeketaji", watu wote wananyamaza. Ukisema "cut", chai inaendelea kunywewa. Ndio maana neno linapendwa. Linafanya jambo lionekane la kisasa, la watu wamesoma. Lakini glavu za nesi hazibadilishi kitu. Huyo mtoto si mgonjwa. Anatibiwa nini?

Najua mtakuja kwa komenti: "Lakini hata sisi wavulana tunatahiriwa!" Sawa. Hata Ekegusii inatumia okwaroka kwa wote wawili. Neno kuwa moja hakufanyi mambo yawe sawa. Mvulana anatolewa ngozi. Msichana anaweza kubaki na makovu, maambukizi, hata shida wakati wa kujifungua. Halafu niambie: kijana akipashwa tohara, esimbore inaimbwa barabarani mchana kweupe. Ya msichana siku hizi inafanywa kimyakimya, milango imefungwa. Kama ni kitu kimoja, mbona mnaficha?

Mnaficha kwa sababu mnajua. Sheria ya 2011 inasema jela isiyopungua miaka 3, au faini isiyopungua Sh200,000, au vyote viwili. Haijali kama aliyeshika wembe ana cheti. Inamshika pia aliyetoa nyumba, na aliyejua akanyamaza. Mahakama Kuu iliombwa iifute, na mwaka 2021 ikakataa. Kwa nchi nzima, wanawake waliokeketwa wameshuka kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022. Kisii na Nyamira bado tuko juu sana ya hapo.

Sasa ya kwangu. Kuna wakati nilitoa klipu ya vichekesho nikimuita msichana "egesagane". Kwa wasiojua, hilo ni tusi la msichana ambaye hajakeketwa. Watu walicheka, mimi nikahesabu views. Baadaye binamu yangu wa Nyamira akaniandikia: "Hiyo klipu yako ndio walinichezea jikoni wakinishawishi. Waliniambia, unaona vile watakucheka?" Alikuwa na miaka 12. Alikubali.

Nilifuta klipu. Yeye hana cha kufuta.

Baadaye ndio nikajua sheria hiyohiyo inashika hata tusi. Kumdhihaki mwanamke kwa sababu hajakeketwa ni jela isiyopungua miezi 6 au faini isiyopungua Sh50,000, au vyote. Kumbe ile "content" yangu ilikuwa kosa, na mimi nilidhani naongea tu.

Kwa hivyo msiniambie maneno ni maneno tu. Tusi langu lilisaidia kumpeleka mtoto kwa wembe, na "ka-cut kadogo" ndiyo ilimtuliza mamake. Mashirika pia, na mabango yenu ya Kizungu kuhusu "the cut", mnasaidia kulilainisha. Andikeni ukeketaji. Watu washtuke.

Disemba hii ukiskia shangazi au nyanya akisema ka-cut, usitukane, uliza kwa heshima: "Mnamaanisha kumkeketa?" Wacha alitamke mwenyewe mbele ya mama ya mtoto. Ukiona mpango unaendelea, piga 116. Ni bure, na hata kama ni usiku, piga.